Nyuzi Zilizolegezwa

Nyumbani kwetu Busia sahani za santuri zilichakaa upande mmoja tu. Zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo baba alizipanga wima ndani ya kreti tupu la soda, na kila Jumapili mchana alizipangusa kwa kipande cha fulana kuukuu kabla ya kuzipiga. Nyimbo za dansi za miaka ya sabini zilikuwa ndefu kuliko sahani zenyewe, kwa hiyo wenye studio wa Nairobi walizikata vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba beti na kiitikio. Upande wa pili uliitwa sehemu ya pili, na humo magitaa yaliachiwa uwanja. Ukiinua sahani zetu kwenye mwanga wa dirisha, upande wa kwanza ulikuwa bado unametameta. Wa pili ulikuwa umepauka kama suruali ya shule ifikapo Novemba, mifereji yake imeliwa na sindano.

Sababu haikuwa siri. Hakuna mtu nyumbani aliyejua Kilingala. Baba alikuwa Mkhayo, mama Mteso aliyezaliwa upande wa Tororo, jirani wa ukuta mmoja Msamia, na wa ukuta wa pili mama wa Kiganda aliyeuza matoke. Mwimbaji wa Kinshasa alipomlilia mpenzi wake, sisi tulisikia sauti nzuri ya mtu anayelia, basi. Hata ingekuwa tarumbeta tusingepungukiwa kitu. Tulichongoja ni pale maneno yanapokwisha, gitaa la solo likashika kipande kimoja kidogo, likakirudia, likakirudia tena, huku la besi likitembea chini yake. Wakongomani wanapaita sebene. Baba alipaita "pale penyewe".

Miaka michache iliyopita rafiki yangu wa Nairobi, mpenzi wa roki, alinipigia albamu moja ya magitaa mazito, ya polepole, iliyotengenezwa siku hizi lakini kwa mtindo wa 1970, isiyo na mwimbaji hata mmoja. Kisha akaniuliza, kwa kejeli kidogo, kama huko mpakani kwetu kuna mtu angeisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia hapana, huo si muziki wetu. Nilijibu haraka mno. Jambo lenyewe lina historia ndefu kuliko jibu langu, na sehemu yake kubwa imepita mbele ya mlango wetu.

Tuanze na mpaka. Hadi mwisho wa Machi 1902 Busia ilikuwa Uganda, na si Busia peke yake: Kisumu, Mumias, hata Naivasha zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamisha mkoa ule ukaingia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya, na mpaka ukasogea huku kwetu, penye Mto Sio na Mto Malaba. Wasamia wakajikuta wana nchi mbili. Wateso vilevile. Mahari na ng'ombe viliendelea kuvuka, na muziki ukavuka navyo, kwa kuwa mpiga ala huitwa matangani hata kama kaburi limechimbwa nchi nyingine.

Na muziki uliokuwapo haukupenda sauti safi. Chukua endongo, kinubi cha Waganda na Wasoga, majirani zetu wa magharibi. Bakuli lake la mti hufunikwa kwa ngozi ya kenge, na nyuzi hupitishwa karibu sana na ngozi hiyo, kiasi kwamba uzi ukipigwa hugusagusa yale magamba ukatoa mkwaruzo. Fundi hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Anautafuta mkwaruzo huo kama mpishi anavyotafuta ukoko wa wali. Zeze la uzi mmoja nalo, Wajaluo wakiliita orutu na Waganda ndingidi, hulia kwa sauti yenye mchanga ndani yake.

Miaka mingi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya sitini, mtambo wa studio moja ya Nashville, Marekani, uliharibika wakati Grady Martin akipiga solo ya besi katika wimbo wa Marty Robbins, na sauti ikatoka imechanika. Wakaiacha hivyohivyo, watu wakaipenda, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, kazi yake kuichana sauti ya gitaa makusudi. Wapiga roki wanakiita fazi. Bila fazi hakuna roki nzito. Babu zetu walikuwa na kenge.

Gitaa lenyewe lilikuja kwa reli na kwa vita. Reli iliyopita Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na vijana wa Magharibi walioajiriwa humo walikuwa wakirudi likizo na vitu vya mjini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakarudi askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza huku kwetu, baadhi yao wakiwa na gitaa mgongoni mahali pa bunduki. Kisha ikaja sauti ya Katanga, huko Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta njiani mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco. Kati ya vipande alivyomrekodi kimo "Masanga", na ndani yake hakuna neno hata moja. Ni gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada vikijibizana mpaka unadhani wapo watu wawili. Kipande hicho bubu kilimpa jina kubwa kuliko wengi walioimba. Alipokuja Nairobi mwaka 1959 alikuta watu wanaomjua tayari, akakaa miezi kadhaa, akatumiwa hata kutangaza vidonge vya Aspro.

Waluhya waliichukua mbinu hiyo ya vidole viwili wakaifanya yao, nayo ikaitwa omutibo. George Mukabi wa Kisa ndiye aliyeitangaza kuliko wote kabla ya kufa mwaka 1963, na ngoma ya mtindo huo ilikuwa chupa ya Fanta yenye mbavu, inayogongwa na kukwaruzwa. Mkwaruzo tena. Unaona jinsi unavyotufuata.

Gitaa la dukani lilikuwa ghali. La kwanza kuliona mimi lilikuwa la mbao za sanduku, na nyuzi zake zilitoka kwenye baiskeli. Waya wa breki ukiufumua unakuta nyuzinyuzi za chuma zilizosokotwa pamoja. Unazitenga moja moja, unazinyoosha kwa kuziburuta kwenye shingo ya chupa, halafu unazifunga kwenye misumari na kukaza. Zikikatika zinachapa uso, ndiyo maana mwenye gitaa lile alikuwa akilikaza huku amegeuza kichwa pembeni, jicho moja amelifumba. Busia haikukosa baiskeli. Kati ya ofisi za Kenya na za Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho abiria alilazimika kukivuka na mizigo yake, na tangu miaka ya sitini vijana wa baiskeli walimwita kwa sauti: boda, boda! Yaani mpaka hadi mpaka. Neno hilo leo limefika hadi Dar es Salaam, na baiskeli imekuwa pikipiki. Ila nakumbuka utani wa watu wazima enzi zetu, kwamba ukiona baiskeli ya boda haina breki ya nyuma, ujue mwenyewe ana mdogo wake mpiga gitaa.

Kabla roki ya Waingereza haijatufikia, muziki wa Waluhya ulikuwa umekwisha kwenda kwao. Daudi Kabaka, mzaliwa wa Uganda mwaka 1939, Mluhya, mfalme wa twisti, alikuwa na wimbo uitwao "Helule Helule". Kundi la Kiingereza, The Tremeloes, liliuchukua na mwaka 1968 ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Ushike mwaka huo, kwa sababu ndio ambao vijana wanne wa Birmingham waliunda kundi lililobadili jina mara kadhaa hadi kuitwa Black Sabbath.

Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa fundi wa mabati kiwandani. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono huo wa kulia ndio wa kubonyezea nyuzi. Msimamizi wake wa kiwandani alimletea sahani ya Django Reinhardt, yule bingwa wa Ulaya aliyeungua mkono akaendelea kupiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akafinyanga vifuniko vya vidole, akavivika ngozi juu ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilimtesa. Akatafuta nyembamba zaidi, na ilipofika albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, alikuwa amezilegeza nusutoni tatu nzima chini ya kawaida.

Mtu wa Busia haelezwi mara mbili hapo. Huyu ni fundi aliyelikorofisha gitaa mpaka likamfaa, sawa na yule wa waya wa breki. Lakini uzi uliolegezwa una tabia yake. Hauna haraka. Ukiupiga unayumba, unavuma chini, na mpiga ngoma hana budi kuungoja. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka tarehe 13 Februari 1970, ilikwisha kufungua mlango huo kwa noti tatu za taratibu, zilizopangwa kwa umbali ambao wanamuziki wa Ulaya wa zamani waliuita ibilisi ndani ya muziki. Waliokuja nyuma yao wakajenga juu ya noti hizo ukoo mzima wa roki nzito ya mwendo wa jeneza. Unaitwa dumu. Kwa Kiingereza neno hilo ni la kiama. Kwa Kiswahili dumu ni chombo cha kubebea mafuta ya taa, na ni kitenzi cha kukaa sana bila kuisha. Mimi maana zote tatu zinanifaa, hasa ile ya mafuta, kwa kuwa nimekulia mahali ambapo madumu yaliyovuka mto usiku yalikuwa mengi kuliko watu.

Mwaka uleule wa nyuzi kulegezwa, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, na treni zilizowabeba kwenda Mombasa zilipita Malaba. Maduka mengi ya Kampala yalikuwa yao, ya redio na santuri yakiwamo. Nairobi ndiyo iliyokuwa na studio na kiwanda cha kukandamizia sahani, kwa hiyo wanamuziki wa kila upande wakaielekea kama maji yanavyofuata mtaro.

Miongoni mwao walikuwamo Wazambia. Njia yao kutoka kusini haikupita kwetu, lakini siwezi kuwaacha nje, kwa sababu wao ndio waliothibitisha kwamba gitaa la Birmingham linaweza kuota mizizi katika udongo wa Afrika. Vijana wa miji ya shaba walikuwa wamewasikia Jimi Hendrix na Black Sabbath, wakachanganya fazi na ngoma za kwao, mchanganyiko ukaitwa Zamrock. Musi-O-Tunya, kundi lililojiita kwa jina la wenyeji la Maporomoko ya Victoria, lilihamia Nairobi, na albamu yao Wings of Africa ya 1975 ilirekodiwa huko. Mwaka huohuo Amanaz walitoa Africa. Ngozi Family chini ya Paul Ngozi walikuwa na gitaa lililokwaruza kana kwamba spika imepasuliwa kwa kisu. WITCH ndio waliokuwa wakubwa kuliko wote. Ukiwasikiliza leo unashangaa jinsi wanavyoimba kidogo. Mwimbaji anasema lake, anaondoka, na magitaa yanabaki uwanjani yakizunguka kipande kilekile, kama upande wa pili wa sahani zetu.

Kisha bei ya shaba ikaporomoka, pesa ikaisha mifukoni, na miaka iliyofuata ukimwi ukawazoa wengi wao. Sahani zao zililala kabatini hadi karne hii wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walipozifufua. Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, mwimbaji wa WITCH, alikuwa amekwisha kuwa mchimbaji wa vito. Akarudi jukwaani, na mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango.

Waliopita kwetu ni Wakongomani. Samba Mapangala na wenzake waliunda Les Kinois nchini Uganda mwaka 1975, na mwaka 1977 wakahamia Nairobi, ambako baadaye ilizaliwa Orchestra Virunga. Kutoka Kampala hadi Nairobi barabara kuu ni mbili tu, ya Busia na ya Malaba. Ule haukuwa wakati wa kupita na spika na ngoma kwa amani. Februari 1976 Amin alikuwa ametangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni yake, akirejea ule mpaka wa kabla ya 1902. Julai mwaka huo Waisraeli walivamia Entebbe kuokoa mateka, Kenya ikashukiwa kuwasaidia, na muda si mrefu Nairobi ikadai mafuta ya Uganda yalipiwe pesa taslimu. Malori yakapanga foleni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa.

Jambo la ajabu ni kwamba kwetu hiyo ilikuwa miaka ya neema. Baridi kali ilikuwa imeua mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Uganda, aliyelipwa kiduchu na serikali yake kwa pesa isiyo na thamani, akaona ni heri aivushe kahawa yake usiku. Magendo. Chepkube, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kijiji ambacho hakikuwa hata na barabara ya maana, kikawa soko la dhahabu nyeusi. Magunia yalivuka kwa mgongo, kwa punda, kwa baiskeli, kwa pikapu. Waliobahatika walijenga nyumba za mabati, wengine wakaoa mke wa pili na wa tatu, wengine wakanunua redio za santuri. Baba hakuwahi kunieleza pesa ya santuri yetu ya mwaka 1977 ilitoka wapi, nami sikumuuliza. Karani wa kaunti kansoli hakuwa na mshahara wa namna ile.

Miaka ya themanini naipita mbio. Kaseti ziliua sahani. Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi hapahapa Busia, mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa, na katika kuhamisha vitu kreti la soda likasukumwa chini ya kitanda, likakaa huko.

Wakati kreti letu likila vumbi, huko Seattle, Marekani, Dylan Carlson alikuwa na kundi lake aliloliita Earth, jina ambalo Black Sabbath walilitumia kabla ya kulibadili. Mwaka 1993 walitoa Earth 2. Ni vipande vitatu tu katika zaidi ya dakika 70, gitaa na besi vikinguruma, hakuna mwimbaji, na ngoma ni kama hakuna. Wakosoaji waliandika mengi kuhusu upya wake. Ningekuwa na njia ningemletea baba aisikie, maana angeitambua mara moja: ni sehemu ya pili iliyouzwa bila ya kwanza.

Roki nzito ya Afrika Mashariki ilichelewa, lakini ilipokuja ilikuja pande zote mbili za mpaka. Kampala ikapata kundi lake la dumu, Vale of Amonition, lililotoa Those of Tartarean Ancestry mwaka 2015. Nairobi ikapata Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass na wenzao. Ndipo nilipoanza kuona kwenye foleni ya pasipoti, alfajiri, mabasi ya usiku yakishusha watu, vijana wenye fulana nyeusi zenye maandishi yanayofanana na mizizi ya mti uliong'olewa. Akina mama wa chai ya maziwa na mandazi waliwatazama kwa huruma, wakidhani wamefiwa.

Mwaka 2015 likaanza tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, kando ya Mto Nile. Kwa Kiganda jina hilo ni ule mwasho wa ghafla wa kutaka kucheza. Kwa Kiswahili, msomaji, unajua mwenyewe. Nimewahi kumwona kondakta wa matatu akiisoma fulana ya abiria mmoja kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha akamwomba mama mzee aliyeketi jirani naye ahamie kiti cha mbele. Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alijaribu kulipiga marufuku tamasha hilo mwaka 2018 kwa hoja za uasherati. Likafanyika. Waandaaji wake walikuwa pia na lebo ya muziki na studio Kampala, na mwaka 2019 Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, walikwenda huko wakarekodi albamu iliyotoka Agosti 2020 kwa jina la kundi lao: Duma. Mswahili akisikia duma anaona mnyama mwenye madoa na mbio. Wao waliliokota kwenye Kikuyu, ambako ni giza. Muziki wao si wa polepole, na Khanja hupiga makelele mengi, lakini maneno yake huyashiki hata ukitega sikio kwenye spika. Sauti ya mtu imegeuzwa ala. Mkwaruzo mtupu. Kenge ndani ya kompyuta.

Ilipotoka, hakuna shabiki aliyeweza kuvuka kwenda kuisherehekea. Machi 2020 Uganda ilikuwa imefunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya korona, yakaruhusiwa malori ya mizigo tu, na kila dereva alipaswa kupimwa. Msururu wa Malaba ulirudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Madereva walipika kando ya magurudumu, walifua, walikata nywele, walilala juma zima wakisogea urefu wa uwanja wa mpira.

Siku moja ya msururu ule nilikaa kwenye ukingo wa barabara karibu na Malaba nikiwa na ile albamu ya rafiki yangu masikioni. Magari yalikuwa yamewashwa bila kwenda, wengine wakichaji betri, wengine wakitumaini kusogea. Injini ya dizeli ya silinda sita ikiunguruma mahali pamoja huzunguka kati ya mara 600 na 700 kwa dakika, na kila mzunguko hulipua silinda tatu. Piga hesabu: milipuko 30 hadi 35 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukiulegeza kama walivyolegeza Black Sabbath mwaka 1971, hutikisika mara 35 hivi kwa sekunde. Sikujua hesabu hiyo siku ile. Nilichojua ni kwamba nilitoa kisikizi kimoja ili nimjibu mtoto wa maji ya kuuza, na besi haikupungua. Iliendelea palepale, ikipanda kutoka ardhini kupitia jiwe nililokalia. Mtoto mwenyewe alikuwa akitingisha kichwa. Hakuwa na kisikizi chochote.

Mpaka ulipofunguliwa, watu wakarudi kwenye foleni. Siku hizi Busia msafiri husimama mara moja tu. Tangu Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja tarehe 24 Februari 2018, anayetoka Uganda hupigiwa mihuri yote miwili upande wetu. Nilikuwa nimetoka kumzika mjomba wa Tororo. Mbele yangu alisimama kijana mwembamba, nywele za rasta, gitaa mgongoni ndani ya mfuko uliopasuka zipu. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, baridi ya umande, taa za ndani bado zinawaka. Afisa wa forodha, mtu mzima wa makamo, sweta ya kijani chini ya koti, akamwita pembeni.

"Hiyo ni ya kuuza?"

"Hapana, afande. Ni yangu. Mimi ni mpigaji."

"Kila mtu hapa ni mpigaji. Toa tusikie."

Kijana akalitoa. Lilikuwa la umeme, jekundu, rangi imebambuka ukingoni, na bila amplifaya halikuwa na sauti ya kujaza hata debe. Akaliegemeza pajani, akabonyeza, akapiga kipande kimoja cha noti chache, polepole, akakirudia. Uzi wa juu ulikuwa umelegea hata ungeweza kuuona ukiyumba, na ulipogusa chuma cha shingo ulikwaruza. Akakirudia tena. Foleni ikanyamaza. Mama aliyekuwa na kapu la vitunguu akaliweka chini. Sikusikia mtu akiuliza wimbo unasema nini.

Afisa akainama, akautazama uzi ule kwa karibu, akaugusa kwa ncha ya kalamu yake.

"Lakini hizi nyuzi zako zimelegea sana, kijana," akasema. "Kaza."

"Zinakaa hivyo, mzee."

"Zinakaa hivyo?"

"Ndiyo, mzee."

Afisa akamtazama, akalitazama gitaa, akasogeza mkono kumruhusu apite. Kisha akaurudisha.

"Hebu hapo mwisho tena," akasema. "Pale penyewe."